Mche Hufia Chomboni: Maoni Juu ya Vitalu vya Shule Wakati wa Kipupwe

Mvua zinapopungua katika tambarare ya Kyela, mnamo mwezi wa Juni, shule zetu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hufunga muhula, na huacha miche yake kitaluni. Mwezi wa Julai wanafunzi hurejea, mwalimu wa kilimo hukagua viriba, na kila mwaka maneno huwa ni yale yale, kwamba miche imekufa kwa jua, au mlinzi hakumwagilia, au mbegu ilikuwa mbaya. Kisha udongo humwagwa na kazi huanza upya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu hizo zote ni nusu ya ukweli. Mshitakiwa mkuu hajatajwa, naye ni chombo chenyewe.

Nilianza kulifikiri jambo hili katika shule moja ya tambarare hiyo, ng'ambo kidogo ya Talatala, ambako niliwahi kusaidia kutunza kitalu cha mikakao. Tulifunga shule tukamwachia mlinzi agizo la kumwagilia kila asubuhi, naye alilitimiza kwa uaminifu. Tuliporejea, zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imekwisha kufa. Lakini haikufa kwa namna moja. Ile iliyopangwa mstari mmoja kando ya njia ilikuwa imekauka majani yakawa kama karatasi. Ile iliyokuwa chini ya mwembe, mahali penye kivuli kizito, ilikuwa imeoza shingo, na udongo wake ulinuka. Iliyobaki hai ilikuwa katikati ya tuta, imebanana kama abiria. Tena kulikuwa na mikakao mitatu ya umri ule ule iliyoota yenyewe nyuma ya jiko, mahali palipotupwa maganda, ambayo haikumwagiliwa na mtu yeyote. Yote mitatu ilikuwa mizima.

Mwalimu wa sayansi hana haja ya maabara ghali kuliko hiyo. Mbegu zilikuwa za aina moja, majira yalikuwa yale yale, na mlinzi alikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni mahali mizizi ilipokaa.

Tuanze na hesabu, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya mwenyewe. Kiriba cha kawaida chenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 20 huchukua udongo wa sentimita za ujazo 1,570 hivi, yaani kama lita moja na nusu. Eneo la ubavu wake ni sentimita za mraba 628. Chungu kikubwa chenye kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 30 huchukua lita 21, na ubavu wake una sentimita za mraba 2,827. Ukigawanya, utaona kwamba kila sentimita ya ujazo ya udongo wa kiriba ina sehemu ya ubavu iliyo mara tatu ya ile ya chungu kikubwa. Kwa hiyo joto la mchana huingia kiribani upesi mara nyingi zaidi, na baridi ya usiku vivyo hivyo. Mmea ulioko shambani hupigwa na jua kwa juu tu, lakini ule ulio chomboni hupigwa kwa juu na pande zote.

Maji nayo yana hesabu yake. Udongo mzuri wa kitalu hushika maji yanayoweza kunyonywa na mmea kiasi cha sehemu moja ya tano ya ujazo wake. Katika kiriba kile hayo ni desilita 3 tu, chini ya kikombe kimoja na nusu cha chai. Hiyo ndiyo akiba yote ya mche, nao hauwezi kupeleka mzizi mahali pengine kutafuta zaidi. Mikakao mitatu ya nyuma ya jiko ilikuwa na mzizi mkuu uliokwisha kushuka kwenye udongo wenye unyevu, chini ya matandazo ya maganda. Hatukuipa kitu, ila pia hatukuizuia.

Msomaji anaweza kuuliza: Kyela ina baridi gani ya kuua mmea? Ni kweli kwamba hapa hapana jalidi. Tambarare yetu iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Ziwa Nyasa, ambalo maji yake ya juu hukaa kati ya nyuzi 23 na 28 za sentigredi, hupunguza ukali wa usiku. Kipupwe chetu huja kwa sura nyingine. Huja na upepo wa mwera, ambao huvuma kutoka kusini kwa urefu wote wa ziwa na kuyanyang'anya majani maji yake. Huja na wiki nyingi zisizo na mvua ya kutegemewa. Tena huja na asubuhi za ubaridi ambapo mmea hunywa kidogo, ilhali mwenye kitalu huendelea kumwaga maji kwa kipimo kile kile cha mwezi wa Machi. Ndiyo maana niliona vifo viwili katika kitalu kimoja. Mche wa kando ya njia ulikufa kwa kiu. Mche wa chini ya mwembe ulikufa kwa kuzama. Mizizi huhitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, bali huwa makao mema ya vijidudu vya kuoza.

Anayetaka kuona baridi yenyewe na apandishe macho. Kutoka ufukweni hadi uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, si zaidi ya kilomita 70 kwa mstari ulionyooka. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua takriban nyuzi 0.6, basi tofauti kati ya Talatala na Kitulo, siku moja na saa moja, yaweza kuwa nyuzi 12 au 13. Huko juu jalidi huanguka usiku wa Juni na Julai. Hata hivyo Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inasifika kwa maua yake, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua hayo huvukaje kipupwe? Okidi nyingi za uwanda ule huacha majani na shina vife, na uhai wote huhifadhiwa katika viazi vyake vilivyo chini ya ardhi. Ardhi hupoa polepole. Sentimita chache chini ya nyasi zilizopigwa na jalidi, kiazi hakijui kwamba juu kumekuwa barafu. Mvua za mwisho wa mwaka zinaporudi, huchipua tena. Chukua kiazi hicho ukitie katika kopo dogo barazani, katika uwanda ule ule, na umekiondolea ngao yake yote.

Watunza bustani wa nchi zenye theluji wamelijua jambo hili tangu zamani. Wameona kwamba mizizi ya miti mingi hufa katika baridi ambayo matawi ya mti ule ule huistahimili. Basi mti unaodumu miaka mingi shambani huweza kufa majira ya baridi moja tu ukiwa chomboni. Kwa hiyo, kabla ya baridi kuingia, hukusanya vyungu vyao karibu na ukuta, huvifukia ardhini hadi shingoni, huvifunika kwa nyasi kavu au majani makavu, na hupunguza maji. Tena huogopa kuacha nje chungu cha udongo kilicholowa, kwa kuwa maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa kiasi cha asilimia 9, na yaliyo ndani ya vinyweleo vya chungu hukipasua. Mwalimu wa Makete anaweza kulihakiki jambo hilo mwezi wa Julai kwa kigae kilicholoweshwa.

Sisi wa tambarare hatuna theluji, lakini ukichunguza utaona kwamba dawa ni zile zile nne: kusanya, fukia, funika, punguza. Jambo la kwanza peke yake lina faida kubwa ajabu. Viriba 100 vikipangwa kimoja kimoja, mbalimbali, ubavu ulio wazi kwa jua na upepo ni mita za mraba 6.28. Vikibananishwa katika mraba wa 10 kwa 10, ubavu ulio wazi ni kuta nne za tuta tu, yaani mita za mraba 0.8. Umepunguza eneo la hatari karibu mara nane bila kutumia senti moja. Ukijaza mchanga au udongo katika nafasi zilizobaki na kuzungushia kingo ya matofali au magogo ya migomba, hata viriba 36 vya pembeni vitakuwa vimekingwa. Hilo ndilo fumbo la ile miche iliyobanana katikati.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo najua itapingwa. Nasema kwamba sisi wa kaskazini mwa Nyasa tumekuwa wageni wa mali yetu wenyewe. Kila Jumamosi, katika soko la Lyulilo karibu na Matema, vyungu vya Wakisi huuzwa. Vingi vyake hufinyangwa na wanawake wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi, kisha husambaa hadi Kyela, Tukuyu na Mbeya. Vyungu hivi huchomwa kwa moto wa wazi, si kwa tanuu la joto kali, kwa hiyo hubaki na vinyweleo. Maji hupenya ukutani polepole na kugeuka mvuke upande wa nje. Kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi, joto linalotosha kupoza lita 57 za maji kwa nyuzi 10. Bibi zetu hawakuwa na hesabu hiyo, lakini walijua kwamba maji ya mtungi hukata kiu kuliko maji ya ndoo.

Sisemi kwamba kila mche upandwe katika chungu cha Mkisi. Chungu ni kizito, huvunjika, na bei yake haiwezi kulingana na ya kiriba; tena kwa kuvukiza maji ubavuni, chungu kidogo hukausha udongo upesi kuliko plastiki. Mwenye miche 1,000 na atumie viriba. Hata katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, lililoanza tarehe 1 Juni 2019, halikugusa vifungashio vya kilimo. Ninalopendekeza ni matumizi mengine ya chungu, ya kale sana. Huko China, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, mtaalamu wa kilimo Fan Shengzhi aliandika juu ya kufukia vyungu visivyopakwa rangi ya kioo katikati ya mimea, hadi shingoni, na kuvijaza maji. Maji hupenya ukutani yakaingia katika udongo. Udongo ukiwa umelowa, huvuta kidogo. Ukikauka, huvuta zaidi. Chungu hicho ni mlinzi asiyepitiwa na usingizi na asiyezidisha kipimo.

Hebu tufikiri juu ya likizo ya Juni kwa nuru hiyo. Tuta la viriba lililozamishwa katika mchanga, na katikati yake vyungu viwili au vitatu vilivyofukiwa, vimejazwa maji na kufunikwa vigae ili mbu wasizaliane humo na maji yasivukizwe kwa juu. Mchanga utalowa, na kwa kuwa viriba vina matundu, unyevu utapanda ndani yake kupitia vinyweleo vya udongo kama vile mafuta yanavyopanda katika utambi. Je, maji yatafika umbali gani kutoka chunguni? Chungu kitakaa siku ngapi kabla ya kujazwa tena? Kiriba kiguse mchanga kwa kina gani? Majibu hutegemea udongo wa mahali, na hapo ndipo wanafunzi wanapohitajika. Tuta moja liwe na vyungu; la pili, la kulinganishia, limwagiliwe kwa ndoo kama desturi; miche iwe ya siku moja na idadi moja; kipimajoto kitiwe katika udongo wa kila tuta saa mbili asubuhi na saa nane mchana; na yote yaandikwe daftarini. Fizikia, baiolojia, jiografia na hesabu zitakuwa zimekutana mahali pamoja, chini ya kivuli cha makuti.

Wapo watakaosema: kwa nini taabu yote hii? Ngoja Novemba, nunua miche, panda. Kwa mazao mengine huenda wana haki. Kwa kakao, ambayo Kyela ndiyo kitovu chake nchini, hawana. Mbegu ya mahindi waweza kuikausha na kuiweka ghalani hadi mvua zirudi. Mbegu ya kakao hufa ikikaushwa, na hufa ikitiwa katika baridi. Ikitolewa katika tunda huishi majuma machache tu. Hakuna ghala la kuivusha kipupwe isipokuwa ndani ya mwili wa mche ulio hai. Tena mche hukaa kitaluni miezi minne hadi sita. Anayetaka mche wa miezi mitano mwanzoni mwa Desemba, mvua zinaposhika, hana budi apande mbegu mwanzoni mwa Julai. Basi kitalu cha kakao, kwa maumbile yake, ni kazi ya kiangazi. Anayeambiwa anunue miche ya Novemba, anaambiwa tu kwamba mtu mwingine ameivusha kwa niaba yake, na atalipia ujuzi huo kila mwaka.

Wapo pia watakaosema kwamba shule si shamba. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe jumuiya inayojifunza kwa kufanya kazi, na katika miaka iliyofuata wengi tulikuja kuichukia kazi ile kwa sababu ilifanywa kama adhabu: jembe bila swali. Mwanafunzi alipewa ndoo, hakupewa sababu. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la 2023 imeleta mkondo wa amali, na kilimo kimo. Tukirudia jembe bila swali, tutavuna chuki ile ile. Lakini kijana aliyekokotoa mwenyewe kwamba kubananisha viriba kunapunguza ubavu ulio wazi karibu mara nane, hatasahau hesabu hiyo atakaporithi nusu eka ya mikakao ya baba yake.

Lililo baya zaidi katika desturi yetu ni jinsi tunavyohesabu. Siku ya kupanda miti huja wageni, huchimbwa mashimo, hupigwa picha, na idadi ya miche iliyopandwa huandikwa katika taarifa. Sijapata kuona taarifa inayosema ni mingapi ilikuwa hai Novemba iliyofuata. Kwa kuwa hatuulizi, mwanafunzi hujifunza kwamba kupanda ndiko kazi, na kwamba kufa kwa mche ni shauri la mvua. Hujifunza hivyo miaka minne mfululizo, kisha hupewa cheti. Huu si msiba mdogo katika wilaya ambayo ada za watoto wengi hutoka katika mfuko wa kakao.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, kila shule yenye kitalu iwe na daftari lenye safu mbili tu zilizo za lazima: miche hai tarehe 1 Juni, na miche hai tarehe 30 Novemba. Taarifa kwa wazazi na kwa wilaya itaje namba ya pili kabla ya ile ya kwanza. Pili, kabla ya kufunga shule mwezi wa Juni, iwekwe siku moja ya kukiandaa kitalu kwa kipupwe: viriba vikusanywe, vizamishwe katika mchanga, vifunikwe kwa matandazo na kivuli chepesi, na kipimo cha maji kibadilishwe kwa kutazama udongo, si kalenda. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo ulioshikamana, ngoja. Tatu, wanafunzi wanaokaa karibu wapangiwe zamu ya kujaza vyungu vilivyofukiwa na kuandika siku ya kujaza. Vyungu vyenye ufa mdogo mdomoni, ambavyo havifai tena kwa mtungi wa nyumbani, vitatosha kabisa kwa kazi hii, mradi tumbo lake liwe zima.

Shule ile niliyoitaja ilikuwa na vyungu vitatu vya namna hiyo vilivyolala nyuma ya jiko, mita chache tu kutoka mahali mikakao mitatu ilipoota yenyewe. Likizo ya Juni inakuja tena. Vipo vingi kama hivyo katika nyumba za Talatala, na kila Jumamosi vipya hushushwa Lyulilo. Nawaomba wasomaji watakaofanya jaribio hili walete kwa wahariri wa jarida hili namba zao mbili, ya Juni na ya Novemba, hata kama ya Novemba itakuwa ndogo ya kuaibisha. Kwa maana namba hiyo ndogo ndiyo ambayo hatujapata kuiandika.